Gari Lisilo na Mkoa

Asubuhi ya siku ya kazi, barabara itokayo katikati ya jiji la Dodoma kwenda Mji wa Serikali wa Mtumba hujaa magari ya kila aina, na kila gari hueleza habari zake kwa herufi na tarakimu chache tu. Daladala ina pleti nyeupe: T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Toyota IST ya karani wa wizara ina mpangilio uleule, ila pleti yake ni ya njano. Land Cruiser inayoipita daladala kwa kasi inaanza na ST, gari la halmashauri linaanza na SM, la shirika la umma na SU, la mradi wa wafadhili na DFP, la polisi na PT, la magereza na MT, na lori la jeshi lina JW. Bodaboda nayo ina MC yake. Aliyezoea barabara zetu huyasoma yote haya bila hata kugeuza shingo. Lakini kuna jambo moja ambalo hata msomaji hodari hatalipata kwenye pleti hizo, nalo ni mkoa gari lilikotoka. IST ya Dodoma na IST ya Mtwara hazitofautiani hata kwa nukta. Makao makuu ya nchi hayana herufi yake, Singida haina, na Dar es Salaam yenye magari mengi kuliko mikoa yote nayo haina.

Wapo wanaouona ukimya huo kuwa upungufu, na tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji hoja ya kuyapa makao makuu alama yake inavutia zaidi. Mimi nashika upande wa pili. Namba ya gari ya Tanzania Bara haiulizi gari limetoka wapi. Inauliza ni la nani na lina kazi gani. Swali hilo la pili ndilo la maana kwa mwananchi, na hakuna mahali ambapo maana yake inaonekana wazi kama katika uwanda wa kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni na Singida. Huku injini ilianza kuonekana kwa wingi ikiwa mali ya serikali, ya misheni au ya mradi, na mji mkuu wenyewe ulichaguliwa ili kusiwe na mwenyeji na mgeni katika shughuli za nchi.

Tuanze na pale namba za magari zilipozaliwa, kwa sababu zilizaliwa zikiwa na mkoa. Uingereza ilipitisha Sheria ya Magari mwaka 1903, na kuanzia 1 Januari 1904 kila gari lilipaswa kubeba namba iliyotolewa na baraza la mahali lilipo. Herufi A peke yake ilikuwa ya London, na maeneo mengine yakapewa herufi zao. Ujerumani ilipoweka utaratibu wa nchi nzima mwaka 1906 ilifuata njia hiyohiyo: tarakimu I ya Kirumi ilikuwa ya Prussia, na IA ilikuwa Berlin. Mantiki yake haikuwa ngumu. Rejesta ilikuwa daftari la karatasi katika ofisi fulani, na polisi akitaka kumjua mwenye gari lililomgonga mtu alihitaji kwanza kujua aiandikie ofisi ipi. Kwa hiyo herufi za mahali hazikuwekwa kwa ajili ya fahari ya mji. Zilikuwa anwani ya daftari. Fahari ilikuja baadaye, watu walipokwisha kuzizoea, na hadi leo kuna Wajerumani wanaojitambulisha kwa herufi za wilaya yao kama vile ni ukoo.

Afrika Mashariki iliingia katika mfumo wa kimataifa kwa herufi zinazotaja nchi: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika, EAZ kwa Zanzibar. Tanganyika ilikoma kuwa jina la nchi mwaka 1964, lakini EAT imebaki kuwa alama ya Tanzania mpaka sasa. Alama za magari hufa polepole, na ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kuongeza mpya. Ndani ya nchi, misingi ya mfumo tunaoutumia iliwekwa na sheria mbili: Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamishaji wa Magari, Namba 21 ya mwaka 1972, na Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973. Ya kwanza inaliangalia gari kama kitu cha kutozwa kodi, ya pili kama kitu kinachoweza kuua. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipoanza kazi tarehe 1 Julai 1996 ilirithi kazi ya usajili, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 namba za zamani zilizoanza na TZ zikapisha mpangilio wa leo wa T, tarakimu tatu na herufi tatu.

Hapo msomaji makini atauliza: je, hili si suala la wahasibu tu? Huenda waliobuni namba hizo hawakuwaza umoja wa taifa hata kidogo. Walitaka rejesta moja, kompyuta moja na kodi ikusanywe mahali pamoja. Sina sababu ya kuwapinga wanaosema hivyo, na sihitaji kuwapinga. Chombo cha umma hupimwa kwa kazi kinachofanya, hata kama fundi wake alikuwa na nia nyingine. Isitoshe, usajili mpya ulikuwa nafasi nzuri kabisa ya kuingiza mikoa kama mtu angeitaka. Mchanganyiko mmoja wa herufi tatu hubeba magari yasiyozidi 999. Hata herufi zote 26 zikitumika, herufi moja ya mwanzo haiwezi kubeba zaidi ya magari 675,324. Ukizigawa herufi kwa mikoa, Dar es Salaam itazimaliza zake mapema huku za Singida zikikaa ghalani miaka na miaka. Kwa kutogawa, namba zote hutumika kwa mfululizo, na ndiyo maana leo madalali wa magari huuza kwa kusema "namba D" au "namba E" na mnunuzi akaelewa papo hapo. Nafasi ambayo kwingine hutaja mahali, kwetu imekuja kutaja wakati. Wakati wenyewe ni wa kuingia kwenye rejesta, si wa kutoka kiwandani: gari lililotembea Japani miaka kumi na mitano likifika bandarini leo linapata namba E na kuonekana kijana mbele ya gari la namba B lililonunuliwa jipya. Huo ni udanganyifu mdogo wa mfumo wetu, na madalali wanaujua vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa turudi uwanda wa kati. Mafuriko makubwa ya kwanza ya injini katika Ugogo yalitokana na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliyobaki kutoka vita vya pili vya dunia yaliletwa kwa wingi, vikatengenezwa hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vyote vikaja kupambana na udongo wa Kongwa ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa na hasara ya pauni milioni 36 hivi ikafutwa vitabuni. Kwa hoja yetu, jambo la kuzingatia ni nani alikuwa mwenye mashine hizo. Hazikuwa za tajiri wa Dodoma wala za mkulima wa Mpwapwa, zilikuwa za shirika la serikali ya mbali. Misheni nazo zilikuwa na magari yao, Waanglikana wa Mvumi na Kilimatinde kwa mfano. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu vijijini, na malori yaliyobeba watu na vyombo vyao yalikuwa ya Serikali. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa fedha za Sweden, kuponya makorongo ya Kondoa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Kwa mkazi wa Kolo au Haubi, gari lililokuja kijijini katika miaka hiyo lilikuwa na maana kubwa, na maana hiyo haikuwa katika mkoa lilikotoka. Lilikuwa ni la nani? Limekuja kupima, kuhamisha, kutibu au kukamata? Herufi za mwenye gari zilikuwa na habari ya kumfaa. Herufi za mkoa zisingemwambia kitu.

Mipaka yenyewe, ukiitazama, haitulii. Dodoma na Singida zilikuwa jimbo moja la kati enzi za ukoloni, zikatenganishwa mwaka 1963. Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa mwaka 2012, Songwe mwaka 2016. Ndani ya Dodoma, wilaya ya zamani ya Dodoma Vijijini ikazaa Bahi na Chamwino, na Kondoa ikazaa Chemba. Kila mgawanyo ungelazimisha aidha pleti mpya kwa maelfu ya magari au pleti zinazotaja mkoa ambao mwenye gari hayumo tena. Kichekesho ni kwamba katika uwanda huu huu aliyebebeshwa mahali pake ni ng'ombe: Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ilifuatiwa na kampeni ya kupiga chapa, na chapa zilibeba alama za wilaya. Kwa ng'ombe kuna sababu, maana ugonjwa hufuata njia ya mnada na daktari wa mifugo lazima ajue umeanzia wapi. Gari haliambukizi homa ya mapafu.

Uamuzi wa TANU wa Oktoba 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikaa zaidi ya miaka 40 kabla ya kutekelezwa kwa kishindo. Mwezi Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akafuata Desemba 2017, Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Rais mwenyewe akahamia mwaka 2019. Sensa ya 2012 iliikuta manispaa ya Dodoma na watu 410,956, na ya 2022 ikalikuta jiji na watu 765,179. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na uzazi peke yake. Watumishi wa umma waliondoka Dar es Salaam na familia zao, samani zao na magari yao, na magari hayo yalipofika Kisasa, Nkuhungu au Ilazo hayakuhitaji namba mpya, kadi mpya wala foleni ya kubadilisha chochote. Hakuna aliyetazama nyuma ya gari la jirani akajua kwamba huyu ni "mtu wa Dar" aliyekuja na Serikali.

Thamani ya hilo inaonekana ukilinganisha na India. Huko kodi ya barabara ni ya majimbo, na namba hutaja jimbo: gari la Maharashtra huanza na MH. Mtumishi akihamishiwa jimbo jingine, gari lake haliruhusiwi kukaa na namba ya kwao zaidi ya miezi 12, baada ya hapo lazima lisajiliwe upya na kodi ianze kuhesabiwa upya. Kero hiyo ilikua hadi mwaka 2021 serikali ya India ikaanzisha mfululizo mpya wa herufi BH, kifupi cha Bharat, kwa ajili ya watu wanaohamahama kikazi, wakiwemo watumishi wa serikali na wanajeshi. India ililazimika kubuni namba isiyo na jimbo ili nchi iweze kuhamisha watumishi wake. Sisi tulihamisha Serikali nzima kwa namba tulizokuwa nazo.

Mfano mzito zaidi unatoka Bosnia. Vita ilipokwisha mwaka 1995, namba ya gari ilitosha kumwambia mlinzi wa kizuizi cha barabarani kwamba dereva anatoka upande wa pili, na watu wakaogopa kuvuka hata kwenda kuona nyumba zao. Mwaka 1998 ikaletwa pleti moja kwa nchi nzima isiyotaja mahali popote, tena yenye herufi chache tu zinazofanana katika alfabeti ya Kilatini na ya Kisirili, ili hata maandishi yenyewe yasimsaliti dereva. Magari yakaanza kuvuka. Tanzania haikuwahi kufika huko, na sidai kwamba pleti ya njano ndiyo iliyotuokoa. Nadai tu kwamba jirani anayeulizwa ametoka wapi kila anapoegesha gari ni jirani aliyepewa nusu ya ukaribisho, na nchi iliyoliona hilo kwa damu iliamua kufuta mahali.

Wanaotaka alama ya Dodoma watanionyesha Abuja. Nao ni mji mkuu uliopangwa, ulioamuliwa mwaka 1976 na kuhamiwa rasmi mwaka 1991, tena kwa sababu zinazofanana na zetu: kuwa katikati, kutokuwa wa kabila moja kubwa. Pleti za Nigeria hutaja jimbo na kaulimbiu yake, na za Abuja hujiita kitovu cha umoja. Kwa nini Dodoma isijitangaze hivyo? Jibu langu ni kwamba Nigeria ni shirikisho, na majimbo yake yana magavana wa kuchaguliwa, mabunge na mapato yao. Abuja ilipewa kaulimbiu kwa kuwa majimbo yote yanazo. Mkoa wetu si jimbo. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na ada ya kusajili gari inakwenda Mamlaka ya Mapato popote gari liliposajiliwa. Hata ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta, kwa hiyo leo anayeilipia barabara hulipa pampuni, iwe ni Kibaigwa au Kibaha. Ukiandika Dodoma kwenye pleti utakuwa umeandika jina la mamlaka ambayo haina daftari, haina kodi na haina uamuzi juu ya gari hilo. Litakuwa pambo.

Pambo si dhambi, atasema mtu, na fahari ya mji ina faida yake. Kweli, Ulaya inatoa ushahidi wa pande zote mbili. Italia iliondoa herufi za mikoa mwaka 1994 na baada ya manung'uniko ikaziruhusu tena mwaka 1999, kwa hiari ya mwenye gari. Ufaransa ilipoipa kila gari namba ya maisha mwaka 2009 iliacha kijisehemu pembeni cha namba ya wilaya na nembo ya mkoa, lakini mwenye gari huchagua mkoa wowote aupendao, hata kama hajawahi kuukanyaga. Nchi hizo mbili zimetambua kwamba mahali pamebaki kuwa suala la mapenzi. Mwenye mapenzi na Dodoma basi aweke stika ya zabibu kwenye kioo cha nyuma. Namba ya gari ni hati ya Serikali, na hati haifai kujazwa mapenzi.

Hoja ya usalama ina uzito kuliko ya fahari. Gari likimgonga mtoto Chamwino na kukimbia usiku, je, shahidi aliyeona herufi za mkoa tu hangesaidia? Pengine kidogo. Lakini herufi hizo zingesema gari lilisajiliwa wapi, si linalala wapi. Ujerumani, nyumba ya namba za wilaya, tangu mwaka 2015 inamruhusu anayehama kubaki na pleti yake ya zamani, kwa hiyo hata kule herufi za mahali zimepungua uzito. Tena Dodoma ni njia panda. Barabara Kuu ya Kaskazini inapita hapa kutoka Iringa kwenda Kondoa na Babati, lami yake ya Dodoma hadi Babati ikizinduliwa Julai 2018, na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita kuelekea Manyoni na Singida. Ukisimama Bahi ukatazama barabara, utaona R ya Rwanda na U ya Uganda vikipishana na T yetu. Hapo herufi ya mahali ina kazi, kwa sababu R ina daftari lake Kigali na U ina lake Kampala. Kwa magari yenye shughuli ya mahali maalumu, mahali pamewekwa kwingine: daladala hujulikana kwa ruti iliyoandikwa ubavuni, na gari la SM lina jina la halmashauri yake mlangoni. Aliyekuwa anahitaji kujua tayari ameambiwa.

Kuna mahali ambapo hoja yangu inabanwa, nako ni Zanzibar. Gari la Unguja au Pemba lina Z na kufuatiwa na tarakimu tatu na herufi mbili, na la Serikali ya Mapinduzi lina SMZ. Likivuka bahari na kuja mpaka Dodoma, mathalani la mbunge anayekuja vikaoni, linaonekana mara moja. Kwa miaka mingi tofauti ya kodi kati ya magari ya Z na ya T imekuwa miongoni mwa kero za Muungano zinazorudi bungeni. Ningeweza kusema kwamba Z inathibitisha kanuni, kwa kuwa usajili wa magari si jambo la Muungano, na kila rejesta inataja serikali inayoimiliki. Ni kweli, ila si kweli yote. Msomaji wa kawaida anaisoma T kama Tanzania, wakati kisheria inaishia ufukweni mwa Bara. Hapo pleti yetu inasema zaidi ya inachokijua, na dawa yake haipo kwenye pleti, ipo kwenye meza ya mazungumzo ya kodi.

Lawama kubwa zaidi inatoka kwa wanaosema kwamba mfumo wa kuuliza "la nani" umezaa matabaka. Trafiki wa Kongwa akiona pleti nyeupe ananyoosha mkono, akiona ST anapiga saluti. Wakati wa uhaba wa mafuta Serikali iliwahi kuyapiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na herufi za pleti ndizo zilizoamua nani arudi nyumbani kwa miguu. Siwezi kukanusha kwamba herufi zinaogopwa. Lakini woga huo ungekuwepo hata bila herufi, kwa kuwa shangingi lina sauti yake na vioo vyake vyeusi. Herufi zimeongeza kitu ambacho shangingi peke yake halina, nacho ni kuonekana. Gari la ST likiwa limeegeshwa nje ya baa ya Area C saa nne usiku, kila mpita njia anajua limenunuliwa kwa kodi yake. Gari la DFP likipakia magunia ya mahindi ya mtu huko Kibaigwa, mkulima anajua kwamba fedha za mradi zinafanya biashara. Namba ya mkoa isingempa nafasi hiyo ya kukasirika kwa haki.

Kwa sababu hiyohiyo sizikubali pleti za vyeo. Magari ya mawaziri, manaibu wao, makatibu wakuu na wakuu wa mikoa hubeba vifupisho kama W, NW, KM na RC. Hizi zimevuka mpaka: pleti imeacha kuwa namba ya gari na kuwa kitambulisho cha mtu aliyekaa kiti cha nyuma, na cheo kikihama, kibao nacho kinahama. Gari la umma lenye cheo mbele libebe na namba yake ya ST chini ya cheo hicho. Pleti za majina binafsi nazo sizipendi, ingawa angalau zinaingiza fedha: bajeti ya 2016/17 ilipandisha ada yake kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Mwenye uwezo amenunua haki ya kutojibu swali ambalo dereva wa bodaboda hujibu kila siku kwa MC yake.

Ushahidi wa mwisho wa hoja hii wameutoa wale wanaoikwepa. Malalamiko ya magari ya Serikali kuvishwa namba za kiraia yamesikika mara kwa mara, na hakuna anayejisumbua kubandua pleti isiyosema kitu. Hayupo ambaye angebadilisha namba ili kuficha kwamba gari ni la Dodoma. Anabadilisha ili kuficha kwamba ni letu. Kwa hiyo wabunge na madiwani wanaofikiria kuyapamba makao makuu kwa herufi mpya waelekeze nguvu zao hapo: ST ibaki ST mchana na usiku, DFP irudishwe au ifutwe mradi unapokwisha, na mwananchi anayepiga picha gari la umma lenye namba ya kiraia alindwe, asitishwe. Kutumia namba isiyo ya gari ni kosa tayari. Haihitajiki sheria mpya. Inayohitajika ni ile iliyopo isimamiwe hata pale gari linapokuwa la mkubwa.